Gari Kuwaka si Ushahidi: Waya Uliolegea na Elimu ya Kupima

Miongoni mwa hitilafu zote zinazolipata lori la mizigo, hakuna iliyo ndogo kwa umbo na kubwa kwa hasara kama waya uliolegea. Nati iliyorudi nyuma robo mzunguko, au kutu nyembamba kama karatasi baina ya vipande viwili vya metali, yatosha kulifanya lori lenye shehena ya tani 30 ligome kuwaka alfajiri, huku betri zake zikiwa nzima, stata yake ikiwa nzima, na tangi lake limejaa dizeli. Mafundi wa Iringa wanaifahamu sana hitilafu hii. Wanafahamu pia kwamba huchosha kuliko kuvunjika kwa springi au kusagika kwa gia, kwa sababu kilichovunjika huonekana kwa macho, lakini kilicholegea hujificha.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hitilafu hiyo inavyotokea, jinsi inavyotafutwa na jinsi inavyotengenezwa. Aidha, yanatetea rai moja: kwamba hasara kubwa katika gereji za Nyanda za Juu Kusini haitokani na uhaba wa mikono yenye ustadi, wala na uhaba wa vipuri, bali inatokana na desturi ya kubadilisha vipuri kabla ya kupima. Desturi hiyo haikuanzishwa na mafundi peke yao. Inalelewa na namna wenye magari wanavyolipa, na namna Taifa linavyofundisha sayansi ya umeme.

Mji unaotegemea malori

Mji wa Iringa umejengwa juu ya ukingo wa mlima, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hupita chini yake, Ipogolo, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, na Zambia ikakatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini, barabara hiyo, ambayo wakati ule ilikuwa ya udongo na kokoto kwa sehemu kubwa, iligeuka kwa ghafula kuwa mshipa wa uhai wa nchi nzima ya jirani. Malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yalipanda Kitonga usiku na mchana, na njia ikapewa jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikafika. Reli ya TAZARA nayo, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilipitia bonde la Kilombero, Mlimba na Makambako, ikauacha mji wa Iringa upande.

Matokeo yake ni kwamba, hadi leo, karibu kila kinachoingia na kutoka Iringa hubebwa na gari. Mbao za Sao Hill, chai ya Mufindi, mahindi ya vijijini, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na nyanya za Ilula, vyote vinategemea lori liwake kwa wakati. Mbao huweza kusubiri siku mbili, nyanya haisubiri. Mkulima wa Ilula aliyevuna jana na kupanga matenga yake kando ya barabara hana habari na kiungio cha kebo kilichoota kutu chini ya boneti, lakini ndiye wa kwanza kulipa gharama yake.

Kwa nini waya hulegea

Sababu za kulegea ni tatu, na zote zinapatikana kwa wingi katika Nyanda za Juu Kusini.

Ya kwanza ni mtikisiko. Injini ya dizeli haikukalia chasisi moja kwa moja. Imewekwa juu ya vikalio vya mpira. Kwa hiyo injini hucheza kwa namna yake na chasisi hucheza kwa namna yake, na kila waya unaovuka kutoka kwenye injini kwenda kwenye chasisi hukunjwa na kunyooshwa mara nyingi zisizohesabika katika safari moja. Barabara kuu ina lami, lakini mbao hazioti kando ya lami. Lori huzifuata ndani ya misitu ya Mufindi na Kilolo, katika njia za udongo zenye mawimbi madogo madogo yanayolitetemesha gari zima. Katika kiungio, mtetemeko huo huzisugua nyuso mbili za metali kwa msogeo mdogo kuliko unene wa unywele. Msuguano hukwangua ngozi ya nje, shaba mpya huachwa wazi, hewa huishika na kuifanya oksidi, na unga wa oksidi hiyo hubaki katikati ya nyuso zile. Oksidi haipitishi umeme vizuri kama shaba. Ndiyo maana kiungio huweza kulegea kwa umeme kabla hakijalegea kwa mkono: fundi huishika nati, huiona imekaza, akapita.

Sababu ya pili ni mabadiliko ya joto. Lori linalotoka pwani huvuka bonde la joto la Ruaha Mbuyuni, hupanda Kitonga kwa gia ndogo huku injini ikiwa imechemka, kisha hulala katika baridi ya Mafinga, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kila metali hutanuka na kusinyaa kwa kiasi chake. Risasi, ambayo ndiyo nguzo ya betri, hutanuka zaidi ya mara mbili ya chuma kwa kila nyuzi ya joto. Shaba iko katikati yao. Zaidi ya hayo risasi ni laini, na ikibanwa kwa muda mrefu hukimbia taratibu kutoka pale inapobanwa. Kibano kilichokazwa vizuri mwezi wa Januari huenda kikawa na nafasi ifikapo Julai.

Sababu ya tatu ni kemia. Mvuke wa asidi ya betri hula shaba na chuma na kuacha unga mweupe au wa kijani kibichi unaojulikana na kila utingo. Vumbi jekundu likishika unyevu huongezea, na maji ya mvua yakiingia ndani ya ganda la waya hupanda baina ya nyuzi zake na kuzila kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Hesabu ya kiungio kibovu

Ili kuelewa kwa nini hitilafu hii hudanganya, ni lazima kutenganisha mambo matatu ambayo lugha ya gereji huyaita kwa jina moja, yaani "moto". La kwanza ni msukumo wa umeme, unaopimwa kwa volti. La pili ni mkondo wenyewe unaopita, unaopimwa kwa ampea. La tatu ni ukinzani, yaani kipingamizi kinachouzuia mkondo, unaopimwa kwa omu. Mjerumani Georg Ohm alieleza uhusiano wao katika kitabu alichokitoa mwaka 1827: volti zinazopotea katika sehemu yoyote ya njia ya umeme ni sawa na mkondo unaopita pale ukizidishwa kwa ukinzani wa pale.

Malori mengi makubwa hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 moja baada ya nyingine. Tuseme kwamba kibano cha nguzo ya betri kimeota ukinzani wa omu 0.02, yaani sehemu ya hamsini ya omu moja. Dereva akiwasha taa kubwa za mbele, zinavuta ampea 6 hivi. Volti zinazopotea kwenye kibano ni 6 mara 0.02, yaani 0.12. Hakuna jicho linaloweza kuona upungufu huo. Taa zinang'aa kama kawaida. Lakini akizungusha ufunguo, na stata ikavuta ampea 150, zinapotea volti 3 mahali pale pale. Stata inakosa nguvu, na wakati huo huo kibano hutoa joto la wati 450, sawa na pasi ndogo ya umeme, katika kipande cha metali kinachoenea kiganjani.

Hesabu hiyo fupi inaeleza mambo mengi. Inaeleza kwa nini fundi hujaribu kwa taa ndogo ya kupimia, ikawaka vizuri, akasema "moto unafika", na gari bado likagoma: taa yake huvuta mkondo mdogo mno kiasi kwamba haiwezi kukifichua kiungio kibovu. Inaeleza kwa nini maltimita, kile kifaa ambacho mafundi hukiita mita, huonyesha volti kamili kwenye waya uliobakiza uzi mmoja tu kati ya nyuzi zake zote. Mita huhitaji mkondo mdogo hata kuliko taa. Inaeleza pia kwa nini gari hugoma alfajiri na kuwaka saa sita mchana. Katika baridi oili huwa nzito na betri hutoa nguvu pungufu, kwa hiyo volti 3 zilizopotea ndizo zilizokuwa zikihitajika. Jua likipanda gari huwaka, watu wakasema limepona, ilhali ugonjwa uko pale pale.

Jambo jingine la hatari ni kwamba fyuzi haizuii joto hili. Fyuzi hukatika mkondo unapozidi kiwango. Kiungio kilicholegea hupunguza mkondo, hakiuzidishi. Kwa hiyo kiungio huweza kuyeyusha ganda la waya na kuliwasha moto gari, fyuzi ikiwa nzima. Na kama katika kisa cha nyuma fyuzi iliondolewa na pahala pake pakafungwa kipande cha waya wa shaba, basi ganda likishayeyuka na waya ukagusa chasisi, hakuna tena kinga yoyote.

Ushahidi wa uongo

Hapa ndipo lilipo kiini cha jambo. Katika gereji nyingi za kando ya barabara, lori lisilowaka hushughulikiwa kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza hubadilishwa betri. Lisipowaka, hufunguliwa stata na kufungwa nyingine. Lisipowaka bado, hubadilishwa swichi au relei. Mahali fulani katika mpangilio huo gari huwaka, na kipuri cha mwisho kufungwa ndicho kinachohukumiwa kuwa kilikuwa kibovu.

Hukumu hiyo haina msingi. Ili kubadilisha stata ni lazima kufungua nati za kebo zake, kuzivuta kebo, kukwangua vichwa vyake, kuvirudisha na kuvikaza upya. Aghalabu injini hutikiswa, na kebo inayoiunganisha na chasisi, ile inayoitwa ethi, huguswa pia. Kwa maneno mengine, fundi aliyebadilisha stata amefanya mambo mawili kwa pamoja: ameweka stata mpya, na amesafisha viungio. Gari likiwaka, hawezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililoliwasha. Kama kosa lilikuwa kwenye kiungio, stata nzima imetupwa au imeuzwa kwa bei ya chuma chakavu, tajiri amelipa fedha nyingi, na kiungio kilichokwanguliwa juu juu kitarudia hali yake baada ya wiki chache. Likirudi, atasema stata ya pili ilikuwa ya bandia. Naam, vipuri vya bandia vipo. Lakini vingi vimehukumiwa kwa kosa lisilo lao.

Kwa hiyo, gari kuwaka si ushahidi kwamba kosa limepatikana. Ni ushahidi tu kwamba gari limewaka. Kanuni ya maabara isemayo kwamba jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja, na vipimo vichukuliwe kabla na baada, haikuwekwa kwa ajili ya wenye makoti meupe. Inamhusu vilevile mtu aliyelala chini ya lori Ipogolo.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba mafundi hawana sayansi. Fundi mzoefu akigusa kwa mkono kila kiungio mara baada ya stata kuzungushwa, ili ajue kipi kimepata joto, anatumia kanuni ile ile ya wati 450 iliyoelezwa hapo juu. Akichukua kebo ya kuazimia moto na kuiunganisha kutoka mwili wa injini hadi nguzo hasi ya betri, kisha gari likawaka papo hapo, amefanya jaribio kamili: ameipita njia inayoshukiwa bila kugusa kitu kingine chochote. Akiutikisa waya huku mwenzake akiangalia taa, anatafuta kosa linalokuja na kuondoka kwa njia pekee inayofaa. Mbinu hizi zilipatikana kwa kazi na kurithishwa kwa kazi. Kinachokosekana ni tarakimu, na tarakimu ndiyo inayomwezesha fundi mmoja kumshawishi mwingine, na kumshawishi tajiri, bila ubishi.

Kutafuta kwa kugawa nusu

Njia ya kupima ni rahisi kuliko kazi ya kufungua stata. Mwaka 1845 Gustav Kirchhoff alionyesha kwamba katika njia moja iliyofungwa, volti zote zinazopotea sehemu mbalimbali zikijumlishwa huwa sawa na volti zinazotolewa na betri. Hii ni sawa na hesabu za duka: kila shilingi iliyotoka lazima ionekane ilikokwenda.

Gari huwekwa gia huru, breki ya mkono hukazwa na magurudumu huwekewa magogo. Msaidizi huzungusha stata kwa sekunde chache, kamwe isizidi kumi, huku fundi akisoma mita. Tuchukue mfano. Kwenye nguzo za betri, stata ikizunguka, mita inasoma volti 22. Kwenye stata yenyewe, kutoka skrubu yake kuu hadi mwili wake, inasoma 17. Volti 5 zimepotea njiani. Sasa njia nzima inagawanywa mara mbili. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye skrubu ya stata: 0.6. Kisha kutoka mwili wa stata hadi nguzo hasi ya betri: 4.4. Jumla ni 5, hesabu imetimia. Kwa vipimo hivyo viwili, upande wote wa chanya, pamoja na swichi kuu na kebo yake ndefu, si mahali pa kuanzia. Upande wa hasi nao unagawanywa: kutoka mwili wa injini hadi chasisi, 4.1, kutoka chasisi hadi betri, 0.3. Kosa liko kwenye kebo ya ethi baina ya injini na chasisi. Kipimo kimoja zaidi, kutoka kichwa cha kebo hiyo hadi chuma cha injini kilipofungiwa, kitaonyesha kama ni kiungio cha juu au cha chini.

Kwa kugawa nusu hivi, njia yenye sehemu 16 zinazoshukiwa humalizwa kwa hatua 4. Anayezijaribu moja baada ya moja huenda akahitaji hatua 15. Ni vema pia ikumbukwe kwamba kupima omu kwa mita ya kawaida, gari likiwa limezimwa, hakusaidii hapa. Ukinzani wa nyaya za mita yenyewe ni mkubwa kuliko ukinzani unaotafutwa. Kiungio kibovu hujitaja kinapobebeshwa mzigo, si kinapopumzika.

Taa za mbele hazipiti kwenye kebo ile ya injini. Ndiyo sababu zilikuwa zinawaka. Mkondo wa stata, ukikosa njia yake halali, hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na katika magari ya zamani umewahi kupita kwenye kebo ya akselereta hadi ikaungua. Mwenye gari huletewa kebo ya akselereta iliyoungua, akanunua mpya, na mpya ikaungua pia.

Kutengeneza kwa kudumu

Baada ya kosa kupatikana, kazi huwa fupi lakini ina masharti. Kebo ya nguzo hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, kwa sababu spana ikigusa chasisi wakati wa kufungua chanya, hasi ikiwa bado imefungwa, itatoa cheche na huenda ikamchoma fundi au kuipasua betri. Nyuso zote mbili za kiungio hukwanguliwa mpaka metali ing'ae, pamoja na chuma cha chasisi kilichopakwa rangi. Kichwa cha kebo kilicholiwa hukatwa na kubanwa kipya kwa koleo lake maalumu. Nati hukazwa pamoja na washa ya kuzuia kurudi nyuma, na baada ya kukazwa, si kabla, hupakwa mafuta mazito kuzuia hewa na maji.

Kusokota nyaya mbili na kuzifunika kwa utepe si matengenezo, ni kuahirisha. Gundi ya utepe huyeyuka kwa joto la injini, na nyuzi zilizosokotwa hupata oksidi. Hata kulehemu, ambako wengi hukuona kuwa ndiko mwisho wa ustadi, kuna kasoro mahali penye mtetemeko: lehemu hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya gumba, na waya hukatika pale ugumba unapokutana na ulaini. Kwa sababu hiyo waya uliobanwa vizuri, ukafungwa kwenye chasisi kila baada ya nafasi fupi ili usicheze, hudumu kuliko uliolehemiwa na kuachwa ukining'inia. Mwisho, kipimo cha kwanza hurudiwa. Volti 4.1 zikishuka hadi 0.2, kazi imethibitika. Zisiposhuka, haijathibitika hata kama gari limewaka.

Hoja mbili za kujibiwa

Wako wasemao kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa malori ya siku hizi yana kompyuta na kosa husomwa kwenye kioo cha kifaa. Ni kweli kwamba kifaa hicho ni msaada mkubwa. Lakini kompyuta ya gari huona volti zilizopungua kwenye waya wa kihisio fulani, haioni kutu. Huandika jina la kihisio, na fundi asiye na mazoea ya kupima hukibadilisha, kama baba yake alivyobadilisha stata. Kwa kuwa kompyuta na vihisio hufanya kazi kwa volti chache, kiungio kibovu kinachovumilika katika lori la zamani huweza kulivuruga kabisa la kisasa. Haja ya kupima imeongezeka, haikupungua.

Wako pia wasemao kwamba uzoefu unatosha. Uzoefu ni mali, lakini uzoefu ambao haukuandikwa hauwezi kusahihishwa. Fundi aliyebadilisha stata ishirini na kuona magari ishirini yakiwaka ana uzoefu wa miaka mingi wa kuamini jambo ambalo hakulipima hata mara moja.

Lugha na malipo

Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali hujifunza habari za umeme kwa Kiswahili. Maneno mkondo, ukinzani na saketi si mageni kwake, na istilahi za fizikia zimekuwamo katika kamusi ya sayansi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili tangu mwaka 1990. Akiingia sekondari, somo lile lile huanza upya kwa Kiingereza. Asiyeingia sekondari, ambaye ndiye mara nyingi anayekwenda kujifunza kazi gereji, huachwa na maneno aliyoyasikia darasani na hakuyatumia tena. Vitabu vya malori huja kwa lugha za kigeni. Matokeo yake ni neno moja "moto", linalobeba volti, ampea na joto kwa pamoja, na fikra haiwezi kutenganisha kile ambacho lugha yake imekiunganisha.

Malipo nayo yana sehemu yake. Tajiri hulipa kwa furaha stata anayoweza kuishika mkononi, lakini huona ameibiwa akitozwa fedha kwa ajili ya nusu saa ya kupima na nati moja iliyokazwa. Maadamu kufikiri hakulipwi na kipuri kinalipwa, fundi mwenye watoto atauza kipuri. Mita ya kawaida hununuliwa kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na stata ya lori. Kinachokosekana si uwezo wa kuinunua, bali ni faida ya kuitumia.

Yanayofaa kufanywa

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza nje ya vyuo. Inafaa mtihani wa fundi umeme wa magari, katika utaratibu huo, uwe na gari lililowekewa kosa kwa makusudi, na mtahiniwa atakiwe kuonyesha vipimo vyake vilivyoandikwa kabla hajagusa spana. Vyuo vikuu, hasa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kilicho kando ya barabara hii hii, vinaweza kutayarisha chati ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili sanifu na cha gereji kwa pamoja, yenye mchoro wa njia ya stata na volti zinazoruhusiwa kupotea katika kila sehemu, ibandikwe ukutani Ipogolo, Mafinga na Makambako. Shule za sekondari zilizoanza mkondo wa amali katika mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 zinaweza kufundisha kanuni ya Ohm kwa betri kuukuu na kibano chenye kutu, badala ya kuiandika ubaoni peke yake.

Lakini hatua ya kwanza haihitaji bajeti wala kamati. Iko mikononi mwa mwenye gari. Anapoletewa ankara ya kipuri kipya, aulize swali moja kabla ya kutoa fedha: kilipimwa nini, na mita ilisoma ngapi kabla na baada? Fundi aliyepima atajibu mara moja, na anastahili kulipwa kwa jibu lake kama anavyolipwa kwa jasho lake. Swali hilo likizoeleka katika barabara ya Iringa, mita zitanunuliwa bila kuhimizwa na mtu, na stata nzima nyingi zitaendelea kubaki mahali pake.